Maswali ya Wasomaji: Kope za Waispi Hupangwa kwa Safu, Hazirundikwi

Safari hii barua nyingi zilizotufikia kutoka nyanda za juu kusini zinahusu kope za kubandika za mtindo wa waispi, yaani zile zinazoonekana nyepesi, zenye ncha ndefu chache, tunazoziita spaiki, zilizotokeza juu ya kope fupi zinazojaza. Nimechagua barua tano. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kuliko nyingine kwa sababu aliyeiandika ameuliza swali ambalo mafundi wengi huona haya kuliuliza. Mimi mwenyewe ni fundi, na saluni yangu iko hapa Mbeya.

*Shikamoo dada. Mimi ni fundi wa kope hapa Mwanjelwa, nina mwaka mmoja na nusu kazini. Klasiki ya nywele moja moja na voliyumu ya vishada nazimudu, lakini mteja akiomba waispi, nikimaliza kope zinakuwa nzito kama ufagio wa chelewa na spaiki zote zinapotelea ndani. Nimeambiwa nibandike kwa safu, ila sijawahi kuonyeshwa safu zenyewe ni zipi. Naomba unielekeze. — Fundi, Mwanjelwa*

Marahaba, mdogo wangu. Uliposema kwamba spaiki zinapotelea ndani, ulikuwa umekwisha kuligusa tatizo kabla sijakujibu. Spaiki haipotei kwa sababu ni fupi. Hupotea kwa sababu imezungukwa na vishada vingi mno, tena vinavyokaribiana nayo kwa urefu. Fundi akiona hivyo huongeza spaiki nyingine, na kila anayoiongeza huzidi kuziba uwazi ambao ndio ungeleta wepesi. Waispi ni mtindo wa mianya, na sehemu kubwa ya kazi yako ni kuamua mahali ambapo hutabandika kitu.

(Kishada ninachokisema ni ule mkusanyiko wa nywele nyembamba unaobandikwa kwenye ukope mmoja wa asili. Mafundi huuita feni, na wewe unaweza kuendelea kuuita hivyo, lakini baadaye nitajibu barua ya Kyela, ambako feni ni kitu kingine chenye manufaa makubwa zaidi.)

Tuanze na safu. Mteja wako akiwa amelala, macho yamefumbwa na kope za chini zimefunikwa kwa pedi ya jeli, usizitazame kope zake ukiwa umekaa kichwani pake kama ulivyozoea. Zunguka, uiname, uzitazame kwa ubavuni. Utaona kwamba hazikuota kwenye mstari mmoja. Zimeota kwa mistari kadhaa iliyobanana kwenye ukingo mwembamba wa kigubiko cha jicho, kwa mtu mmoja miwili, kwa mwingine mitatu au zaidi. Kwa kazi yetu tunaigawa katika safu tatu. Safu ya chini ndiyo iliyo karibu zaidi na jicho lenyewe na ndiyo inayolalia pedi, na jicho likifumbuliwa ncha zake huelekea mbele. Safu ya juu iko karibu na ngozi ya kigubiko, na ncha zake huelekea juu. Safu ya kati iko katikati ya hizo, na mara nyingi ndiyo yenye kope nyingi zilizokomaa.

Ukishaziona safu, jambo moja linajieleza lenyewe. Ukibandika urefu mmoja na mkunjo mmoja kwenye safu zote tatu, ncha hazitakaa kwenye mstari mmoja, kwa kuwa kope zenyewe zinatazama pande tofauti. Fundi anayetaka mstari mnyoofu hulazimika kupambana na hali hiyo kwa kuweka mkunjo mkali zaidi safu ya chini na mkunjo mpole zaidi safu ya juu. Wewe unayetafuta waispi huna haja ya ugomvi huo. Chagua mkunjo mmoja, tuseme C au CC (herufi hizi huonyesha ukali wa mkunjo: C ni mpole, CC umezidi kidogo, D ni mkali zaidi), uache safu zitawanye ncha zenyewe, nawe ushughulikie urefu tu. Nimeona mafundi wakichanganya mikunjo mitatu kwenye jicho moja kwa kudhani kwamba ndiyo siri ya waispi, na matokeo yake yakawa kope zilizovurugika kama za mtu aliyetoka kulala.

Sasa uzito, ambao ndio unaoleta huo ufagio wako. Uzito wa nywele ya bandia hauendi sambamba na unene wake, bali huenda na mraba wa unene. Chukua kalamu. Nywele ya 0.15, yaani yenye unene wa milimita 0.15, ukizidisha 0.15 mara 0.15, unapata 0.0225. Nywele ya 0.07 inakupa 0.0049, kwa hiyo nne za 0.07 zikiwa pamoja ni 0.0196, pungufu ya ile moja ya 0.15 yenye urefu uleule. Nywele ya 0.05 ni 0.0025 tu, na tano zake hazifiki hata 0.0130. Ndiyo maana spaiki zangu huwa nazitengeneza kwa nywele nne za 0.07 zilizobanwa pamoja bila kufunguliwa, na vishada vya kujaza huwa vya nywele tatu hadi tano za 0.05. Spaiki inaonekana nene na nyeusi kwa sababu imefungwa, vishada vinaonekana kama moshi kwa sababu vimefunguka, na ukope wa asili haubebeshwi mzigo usiouweza.

Hesabu hiyo nilijifunza kwa kuaibika. Mwaka 2019 nilimbandika binti mmoja kwa ajili ya sendofu yake, na kwa kuwa nilitaka spaiki zake zionekane kwenye picha, nilitumia nywele moja moja za 0.20, tena nyingine nikaziweka kwenye kope changa zilizokuwa ndiyo kwanza zinachomoza. Nywele moja ya 0.20 ina uzito wa nywele kumi na sita za 0.05. Siku ya sendofu zilipendeza. Siku ya sita alirudi spaiki zikiwa zimepinda, nyingine zimelala ubavu, nyingine zinamchoma kwenye ngozi ya kigubiko, na nilipoziondoa kwa krimu baadhi ya kope zake changa zilitoka nazo. Nilimrudishia fedha, naye kwa ustaarabu wake hakunisema mtaani, lakini tangu siku hiyo trei ya 0.20 haijaingia tena saluni kwangu.

Baada ya hapo utaratibu ni huu. Osha kope kwa shampuu ya kope, suuza, zikauke kabisa, zichane. Chora ramani kwenye pedi kabla hujagusa gundi. Kwa jicho la kawaida, vishada vya kujaza vinaanza na milimita 8 kona ya ndani, vinapanda 9, 10, vinafika 11 kwenye sehemu iliyo juu kidogo ya mwisho wa mboni, kisha vinashuka hadi 10 kona ya nje. Juu ya ramani hiyo weka alama za spaiki, kila moja ikizidi vishada vya jirani yake kwa milimita 2. Tofauti ya milimita 1 haionekani jicho likifumbuliwa, na tofauti ya milimita 4 huifanya spaiki ionekane kama imesahauliwa. Ukingo wa juu wa jicho una urefu wa kama milimita 30, hivyo spaiki saba zitaachana kwa takriban milimita 4, na hapo mwanya unaonekana. Usianze na spaiki kwenye kona ya ndani kabisa. Kope za pale ni changa na fupi, ziachie vishada.

Sasa chukua tepu nyembamba ya karatasi, ile ya hospitali, uibandikebandike kwanza mgongoni mwa mkono wako ili ipungue ukali. Ilaze juu ya safu ya juu na ya kati, uzirudishe nyuma taratibu, na uishikize kwenye ngozi ya kigubiko bila kuivuta. Angalia kwa chini: ukiona weupe wa jicho, umevuta sana, ifungue uanze upya, kwa sababu mvuke wa gundi utaingia humo na mteja atainuka macho yakiwa mekundu. Mbele yako imebaki safu ya chini peke yake. Hapa weka vishada vidogo vya nywele tatu za 0.05, vifupi kuliko ramani yako kwa milimita 1, wala usiweke spaiki hata moja. Usibandike kila ukope. Bandika kope zilizokomaa, uziache changa zikue. Safu hii haionekani ikiwa peke yake, lakini ndiyo inayolipa jicho ule weusi wa chini unaofanana na wanja, na ukiinyima, spaiki za juu zitaelea hewani zikiwa hazina kinachozishika.

Maliza safu ya chini ya jicho la kulia, nenda jicho la kushoto ufanye vivyo hivyo, kisha urudi. Kufanya kazi kwa kupokezana hivi kunaipa gundi muda wa kukauka kabla hujaleta safu nyingine juu yake, na kunazuia ile kasoro ya macho mawili yasiyolingana, ambayo husababishwa na fundi kulimaliza jicho la kwanza akiwa na nguvu na la pili akiwa amechoka. Kabla ya kuondoa tepu, pitisha ncha za vibano vyako kati ya kope, kuanzia kwenye shina, uzitenganishe zote zilizoshikana. Kope mbili zilizogandana, mmoja mchanga na mmoja uliokomaa, hukua kwa kasi tofauti na huvutana hadi mmoja ung'oke.

Safu ya kati ndiyo moyo wa kazi. Sogeza tepu ishike safu ya juu tu. Kwenye kila alama ya ramani tafuta ukope uliokomaa, mweusi na imara, ulio karibu na alama hiyo, hata kama umekaa milimita moja kando. Ukope imara uliokaa kando kidogo ni bora kuliko ukope dhaifu uliokaa sawasawa na alama. Weka spaiki nne au tano za kwanza, zote kwa kuanzia, kisha ndipo ujaze vishada kati yake kwa kufuata ramani. Kila kinachobandikwa kikae milimita moja au pungufu kidogo kutoka kwenye ngozi, kisiguse ngozi. Jirani wa karibu kabisa wa spaiki, kulia na kushoto, aachwe bila kitu au apewe kishada kifupi kuliko vingine. Huo ndio mwanya niliokutajia mwanzoni. Mkono utakuwasha kuujaza, usiujaze.

Kisha ondoa tepu yote. Safu ya juu inapewa spaiki mbili au tatu zilizobaki, na vishada vichache sana, labda theluthi moja ya vile ulivyoweka katikati. Wapo mafundi wanaoweka spaiki zao safu ya chini, na nimeona kazi zao zikiwa nzuri. Mimi nimeacha, kwa kuwa huko ncha zinaelekea mbele na hufunikwa na za juu yake, hasa kwa mteja ambaye kigubiko chake kina mkunjo mzito wa ngozi. Jaribu njia zote mbili kwa wateja unaowafahamu, ulinganishe picha.

Usimwinue mteja mara tu unapomaliza. Zichane kope, zisubiri zikauke, mfumbue macho taratibu, mkalishe, na umtazame ukiwa umesimama mbele yake kwa umbali wa mtu anayemsalimia. Kwa mara ya kwanza kazi hii itakuchukua saa mbili na nusu au zaidi. Ukiona mahali pamejaa mno, kipunguze kishada kimoja kwa krimu ya kuondolea. Ni aibu ndogo kuliko ile ya ufagio.

*Habari za kazi, dada. Niko Njombe mjini. Kuanzia mwezi wa sita gundi yangu haikauki haraka, vishada vinateleza, na wateja wanarudi baada ya siku nne wakiwa wamebaki na spaiki chache tu. Nimebadilisha gundi mara mbili bila mafanikio. — Fundi wa kope, Njombe*

Nzuri, mwenzangu. Gundi yako huenda haina kosa. Gundi ya kope ni sianoakrilati, na kinachoikausha ni unyevu uliomo hewani. Gundi nyingi za kitaalamu hutengenezwa kwa ajili ya chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 24 na unyevu wa kati ya asilimia 45 na 60 hivi, na kiwango kamili kimeandikwa kwenye kasha lake. Huko kwenu Juni na Julai ni baridi na ukavu kwa pamoja, na gundi inakosa vitu vyote viwili.

Nunua kipima joto na unyevu kidogo cha kidijitali, ukiweke karibu na kichwa cha mteja, kwa sababu hewa ya mlangoni si hewa ya kitandani. Unyevu ukiwa chini, weka beseni la maji ya moto chumbani au utundike taulo mbichi, usome kipimo tena baada ya robo saa. Chupa ya gundi itikise kwa dakika nzima kabla ya kutoa tone, kwa kuwa rangi nyeusi hutuama chini na baridi huifanya gundi iwe nzito. Badilisha tone kila baada ya dakika 15 au 20. Kishikilie kishada kwa sekunde mbili au tatu zaidi kuliko ulivyozoea kabla ya kukiachia.

Nakuomba jambo moja kwa msisitizo: usiingize jiko la mkaa kwenye chumba cha saluni kilichofungwa ili upate joto. Moshi wa mkaa usioonekana wala kunuka huua, na mteja wako amelala macho yamefungwa kwa saa mbili bila kujua kinachoendelea. Tumia hita ya umeme, na dirisha liwe na upenyo hata kama ni baridi.

Kuna sababu nyingine ambayo wengi hawaishuku. Wakati wa baridi watu wetu hujipaka mafuta ya mgando usoni asubuhi na jioni, na mafuta hayo hupanda hadi kwenye kope. Gundi haishiki juu ya mafuta. Mwoshe mteja kope mara mbili, na ukisugua kope kwa pamba kavu ukaona inang'aa, mwoshe mara ya tatu. Naamini nusu ya malalamiko yako yamelala hapo.

*Dada, mimi nina tatizo tofauti na wenzangu wa milimani. Niko Kyela, vishada vyangu vikigusa gundi vinajifunga vyenyewe, vyote vinakuwa spaiki. — Msomaji, Kyela*

Kwako joto na unyevu wa ziwa vinaikausha gundi kabla kishada hakijatulia kwenye ukope. Tumia gundi ya kukauka polepole, badilisha tone kila baada ya dakika kumi, na uchovye shina la kishada kwa milimita moja tu, ukikitoa taratibu. Kinachofunga kishada mara nyingi ni wingi wa gundi inayopanda kati ya nywele. Feni, hii ya dari sasa, iwashe kati ya mteja mmoja na mwingine, usiielekeze usoni mwa mteja unapofanya kazi. Ukiwa na kiyoyozi, kitapunguza joto na unyevu kwa pamoja, nawe utafanya kazi kama uko Tukuyu siku isiyo na mvua, ambazo nasikia hutokea.

*Shikamoo dada mwandishi. Mimi ni mtumishi wa ofisini hapa Iringa, navaa miwani, na sijawahi kubandika kope. Mdogo wangu anaolewa Mafinga mwezi wa kumi na mbili na tumekubaliana dada zake wote tuweke waispi. Naogopa mambo matatu: miwani, moshi wa jikoni kwa kuwa tutapika sisi wenyewe kwa kuni, na bosi wangu. — Dada wa bibi harusi*

Marahaba, na hongereni kwa harusi. Miwani haikuzuii. Mwambie fundi kabla hajachora ramani, uende nayo, uivae, apime nafasi kati ya kope zako na kioo. Kope zinazogusa kioo hujipinda na kukichafua kila unapopepesa. Kwa wavaa miwani wengi mimi huzuia spaiki zisizidi milimita 11, na badala ya urefu hutumia mkunjo wa CC au D unaozipeleka juu badala ya mbele.

Moshi hauyeyushi gundi, lakini masizi na mafuta ya karangizo hujikusanya kwenye mashina ya kope, na waispi ina mashina mengi ya kujificha uchafu. Joto kali la moto nalo ni hatari: ukifunua sufuria kubwa ya pilau ukiwa umeinama, mvuke unaweza kuzikunjua, na ndimi za moto zinaweza kuziunguza ncha. Mwachie shangazi kazi ya kufunua. Kila jioni zioshe kwa shampuu isiyo na mafuta na maji safi, zichane zikiwa zinakauka. Wanaoambiwa wasioshe kope ili zidumu wanadanganywa. Uchafu unaotuama kwenye ukingo wa jicho huleta uvimbe na muwasho wa kigubiko.

Nenda saluni mara mbili. Mara ya kwanza iwe wiki moja au zaidi kabla ya harusi, ubandikiwe kope chache tu kwa majaribio, kisha usubiri siku mbili. Ukivimba kigubiko au kuwashwa sana, una mzio wa gundi, na mzio wa sianoakrilati kwa kawaida hauishi, bali huzidi kila unapokutana nayo tena. Hapo piga picha za harusi kwa kope zako za kuzaliwa. Ukiwa salama, rudi siku mbili au tatu kabla ya sherehe, isiwe asubuhi ileile. Usishtuke ukikuta kope mbili tatu kwenye mto. Kope za asili hudondoka zenyewe kila siku, nazo huondoka na zilichobandikwa, ndiyo maana baada ya wiki mbili au tatu watu hurudi kujaziwa.

Kuhusu bosi, sina mamlaka. Nakumbuka Septemba 2018 Spika wa Bunge wa wakati huo, Job Ndugai, alipopiga marufuku wabunge wenye kope na kucha za kubandika kuingia ukumbini, kwa hiyo hofu yako si ya kubuni. Soma kanuni za mavazi za ofisi yenu. Kama hazisemi lolote, mwombe fundi akuwekee spaiki tano badala ya saba na vishada vya milimita 8 hadi 9. Ukiwa na miwani juu yake, watu watahisi tu kwamba umelala vizuri.

*Habari, dada. Hapa Tunduma madukani kuna kope za vipande ambazo unajibandikia mwenyewe nyumbani. Nimeona wenzangu wakibandika safu mbili ili zifanane na waispi za saluni. Je, ni sawa? — Mfanyabiashara, Tunduma*

Nzuri, mpenzi msomaji. Vipande hivyo havifuati safu za kope zako hata kidogo. Kipande kimoja hushika kope nyingi kwa mpigo, chini ya kope, na uzuri wake ni wa siku chache. Ukiweka safu ya pili juu ya ya kwanza, unakibebesha kila kikundi cha kope mzigo mara mbili, na hupati mianya, unapata ukuta.

Ukitaka mwonekano wa waispi kwa safu moja, nunua kasha lenye urefu mchanganyiko, ukate vipande virefu viwe vidogo vidogo kwa mkasi wa kucha, kisha uvipange kwa kupokezana: kifupi, kirefu, kifupi, huku ukiacha nafasi ya upana wa punje ya mchele kati yake. Vibandike upande wa chini wa kope zako, mbali kidogo na ukingo wa jicho, kwa gundi iliyokuja na vipande hivyo. Gundi ya saluni usiiazime, wala usitumie ile ya kuunganishia viatu na vikombe hata kama jina lake la kikemia linafanana. Hiyo imekwisha kuyagandisha macho ya watu. Gundi ikikuingia jichoni, suuza kwa maji mengi safi, usikifungue kigubiko kwa nguvu, uende hospitali.

Wakati wa kuvitoa tumia kimiminika cha kuyeyushia gundi kilichokusudiwa kwa vipande hivyo, ukisubiri dakika zilizoandikwa kwenye chupa, uanze na kona ya nje. Kipande kikigoma, ongeza kimiminika na usubiri tena. Ukikivuta, kitatoka na kope zako, na hizo huchukua wiki kadhaa kurudi.